Volti za Jumapili

Mama yangu hajanisamehe ile kufuli. Haitaji kwa mdomo, lakini ameitundika kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, kule nyumbani Shinyalu, na kila nikiingia kuchota maji ya kunywa naiona. Ni kufuli ndogo ya kufungia sanduku la mtoto wa bweni. Niliinunua mwenyewe, nikaifunga mwenyewe, tena kwa hasira. Heri niieleze mimi, maana wadogo zangu wameshaanza kuieleza, na wao huongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa stima. Nimepanga chumba mjini Kakamega, na kazi yangu ni kuvuta nyaya kwenye nyumba na maduka, kufunga swichi, na kurekebisha yale ambayo mafundi wa bei rahisi wameharibu. Kazi hii haina hesabu nyingi, ila hizo chache nazijua kama sala ya Baba Yetu. Volti ndizo zinazosukuma, ampea ndizo zinazopita. Gawanya volti kwa ampea, umepata ukinzani wa kifaa. Zidisha volti kwa ampea, umepata wati, yaani nguvu kinayokula. Mtu akianza kubishana nami juu ya stima, huwa simjibu. Natoa mita mkobani, napima, namwonyesha namba, kisha naendelea na kazi. Najua ni tabia ya kuudhi, na wateja zaidi ya mmoja wameniambia hivyo.

Sasa nije kwa kuku.

Mama alipoolewa kutoka upande wa Lugari, alifika Shinyalu na mtetea mmoja kwapani. Kwao ndivyo ilivyokuwa: binti akienda kwake, mama yake humpa kuku wa uzao wa pale nyumbani, akaanze naye. Huyo mtetea alikuwa wa rangi ya kijivu yenye vitone vyeupe, kama kanga, na kutoka kwake Mama alifuga uzao huo huo maisha yake yote. Wadogo zangu wawili walipoolewa, kila mmoja aliondoka na wake. Shangazi yetu alipewa, na rafiki yake mmoja wa kanisani anayeishi karibu na msitu, kule Isecheno, alipewa pia alipojenga upya baada ya kufiwa. Mimi nina miaka arobaini na moja na sikuolewa, kwa hivyo sikupewa. Sikumlaumu mtu. Nilikuwa hata nikisema mwenyewe, kwa kicheko, kwamba kuku atafugwa wapi kwenye chumba cha kupanga.

Mwaka juzi, kiangazi kikielekea mwisho, ule ugonjwa wa kuku ulipita kijijini. Kwa siku nne Mama alikuwa akizika nyuma ya migomba. Siku ya tano hapakuwa na wa kuzika. Nilipomwambia tutanunua vifaranga wa kisasa pale Khayega, alinitazama kana kwamba nimetukana.

“Hao si kuku,” alisema. “Hao ni nyama inatembea.”

Wiki moja baadaye alikumbuka kwamba uzao wake haukuishia pale kwake. Akachukua ndoo, akaweka maranda ndani, akazunguka kwa wale wanne aliowahi kuwapa: wanawe wawili, wifi yake, na yule rafiki wa Isecheno. Alirudi na mayai arobaini na nane. Shida ikawa moja tu: hakuwa na kuku wa kuyaatamia. Angeweza kuomba kuku wa jirani, wapo wengi, lakini huku kwetu ukiatamisha mayai yako kwa kuku wa mtu, vifaranga mnagawana nusu kwa nusu.

“Huyu kuku ni mama yangu alinipatia,” alisema. “Sasa nimgawe mama yangu nusu?”

Nikamwambia asihangaike, nitamtengenezea kiangulio, sanduku la kutotolea mayai kwa joto la stima. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema, Mama, hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza la ufundi.

Nilitumia kabati la zamani la vyombo, la mbao, lililokuwa limelala stoo. Nililipiga gunia ndani pande zote, nikaweka kidirisha cha kioo mlangoni, kipimajoto nyuma ya kioo, na trei inayosukumwa huku na huku kwa kijiti kutoka nje, ili mayai yageuke bila mtu kufungua. Joto lingetoka kwa balbu mbili za wati sitini, zile za zamani zenye kijiwaya kinachong'aa ndani. Siku hizi haziuzwi sana, lakini duka moja la Khayega lilikuwa nazo kwenye boksi lenye vumbi la miaka. Juu yake nikafunga themostati, kidude kinachozima balbu joto likitosha na kuziwasha tena likipungua.

Jumapili, baada ya kanisa, nikaja kuwasha. Nilipima kila kitu kwa utaratibu, maana Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na nguo zake za kanisani na nilitaka aone. Soketi ilitoa volti mia mbili thelathini na nane. Nikakata waya mmoja, nikaingiza mita katikati, nikasoma mkondo: nusu ampea. Nikamwandikia kwa chaki kwenye ubavu wa kabati. Mia mbili thelathini na nane gawanya kwa nusu, ukinzani omu mia nne sabini na sita. Mia mbili thelathini na nane mara nusu, wati mia moja kumi na tisa. Kisha nikakaa na saa, nikaona balbu zinawaka dakika tano na kuzima dakika moja. Maana yake kabati lilihitaji wati kama mia moja hivi kukaa kwenye joto la mayai, na mimi nilikuwa nalipatia karibu mia na ishirini. Kilikuwa kimebaki cha akiba. Niliridhika sana, nasema kweli. Niliona kama nimeweka kitu kizuri duniani.

“Andika joto asubuhi ukiamka na jioni ukimaliza kula,” nilimwambia. “Na usifungue.”

Jumatano alinipigia simu. Mama huniita kukhu, yaani nyanya, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, yuleyule wa kuku.

“Kukhu, hii sanduku yako inapoanga mchana.”

“Asubuhi inasema ngapi?”

“Asubuhi iko sawa. Jioni iko sawa. Ni mchana. Taa inakuwanga njano, na mayai inapoa.”

“Umejuaje mayai yamepoa?”

Nilijua jibu. Mama ana njia yake: huchukua yai, hufumba jicho, na kuliweka juu ya kope. Anasema ngozi ya hapo haidanganyi. Alikuwa anafungua mlango.

“Mama, joto linatoka kwa sababu unafungua! Ukifungua mara nne kwa siku lisipoe lina nini?”

“Nimefungua kwa sababu imepoa. Haijapoa kwa sababu nimefungua.”

Nilimwambia stima haina asubuhi na mchana. Nilisema hivyo hasa, kwa sauti ya kumfundisha. Jumapili iliyofuata nilikwenda, nikapima tena, nikapata volti mia mbili thelathini na sita, kipimajoto pale pale kilipotakiwa, balbu nyeupe pe. Mama alisimama akasema leo iko sawa, lakini siku zingine haiko. Nikaona ananitania, au anatafuta ruhusa ya kuendelea na mambo yake ya kope. Nilikuwa nimekuja na kufuli mkobani. Niliipitisha kwenye pete za mlango, nikaibana, nikatia ufunguo kwenye shada la funguo zangu za kazi.

Mama aliingia jikoni akaniletea chai, akaiweka mezani, akatoka tena kwenda kuangalia ng'ombe. Kwa kawaida tunakunywa pamoja.

Hiyo wiki simu haikulia. Nami, kwa akili zangu zote, nikahesabu ule ukimya kuwa ushahidi: amezuiwa kufungua, joto limetulia, hana la kulalamikia.

Alhamisi nilikuwa na kazi ya kuvuta nyaya kwenye duka jipya Khayega. Fundi wa mbao hakuwa amemaliza dari, kwa hivyo saa saba mchana tukaambiwa turudi kesho. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa msituni kama kawaida yake. Nikaona badala ya kurudi mjini, nipande boda nipitie nyumbani mara moja, nimpelekee Mama sukari.

Nilimkuta chumbani, sakafuni, miguu ameinyoosha, ungo wa maharagwe mapajani. Mgongo wake ulikuwa umeegemea kabati. Kabati lenyewe lilikuwa limevikwa blanketi zake zote mbili za kitandani, na juu yake shuka, na juu ya shuka koti la marehemu Baba. Alikuwa amebakiza kidirisha tu. Hakuinuka.

“Funga mlango,” alisema. “Baridi inaingia.”

“Mama, unafanya nini?”

“Naatamia. Kuku si hakuna? Nimekuwa kuku.”

Nilidhani ni mzaha. Nikamuuliza ameanza lini. Alichagua maharagwe mawili mabovu, akayatupa kando, ndipo akanijibu.

“Tangu ufunge. Ile mashine ya posho ikianza, naweka blanketi. Ikizima, naenda shambani.”

Hapo ndipo niliposikia. Ilikuwa inanguruma tangu nishuke kwenye boda, na masikio yangu yalikuwa yameizoea kiasi cha kutoisikia: mashine ya kusaga mahindi ya pale njiapanda, mota kubwa, kwenye transfoma ileile inayoleta stima kwetu. Na sisi ndio nyumba ya mwisho kwenye ule mstari wa nguzo. Mwenye mashine ni mzee wa kanisa. Jumapili hasagi.

Mimi nilikuwa nimepima Jumapili. Mara mbili.

Nilitoa mita, sasa bila maringo. Soketi ilisema volti mia moja sabini na mbili. Nilifungua kufuli, nikachungulia: balbu zilikuwa za njano kama kiini cha yai, vilevile alivyosema, na kipimajoto kilikuwa chini ya kipimo kwa nyuzi mbili, pamoja na blanketi zote hizo. Nikakata waya ule ule, nikaingiza mita: ampea nukta nne moja. Chaki ya siku ile bado ilikuwa inaonekana nilipofunua blanketi, nami nikaandika chini yake. Mia moja sabini na mbili mara nukta nne moja, wati sabini. Kabati lilitaka mia. Kila siku ya kazi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi, wati thelathini zilikuwa hazipo, na balbu zilikuwa zimewaka bila kupumzika zikijaribu na kushindwa.

Hata ukinzani haukuwa ule niliouandika. Mia moja sabini na mbili gawanya kwa nukta nne moja ni omu mia nne na ishirini. Kijiwaya cha balbu kikipata moto kidogo, hukinza kidogo. Nilifundishwa hilo, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama. Namba zilizokuwa kwenye ubavu wa kabati zilikuwa za kweli kabisa, ila zilikuwa kweli siku moja kati ya saba.

Wakati naandika, mashine ilizima. Nadhani walikuwa wanabadilisha chekeche. Balbu zikaruka kuwa nyeupe. Mita ikapanda hadi mia mbili ishirini na sita. Baada ya dakika chache mota ikanguruma tena na zote mbili zikanywea mbele ya macho yetu.

“Kwa hivyo stima ikipungua, joto inapungua,” alisema Mama.

“Ndiyo.”

“Hiyo si ndiyo nilikuambia?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na shule yote hiyo.”

Niliona haya, na haya yenyewe haikuwa ya hesabu. Ilikuwa ya lile koti la Baba. Lilikuwa halitolewi sandukuni, hata kwa maombi ya wajukuu. Nilifikiria siku nne alizokaa pale chini kwenye saruji, mwanamke wa miaka sabini mwenye maumivu ya nyonga, bila kunipigia simu. Nilikuwa nimemfungia kuku wa mama yake kisha nikamwekea ufunguo Kakamega. Nilimwomba msamaha hapo hapo, kwa maneno ya wazi, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanywi sana. Alisema niache maneno nikanunue taa.

Nilirudi Khayega mvuani. Balbu ya tatu ilikuwa kwenye boksi lile lile. Nilipoifunga, mkondo ulipanda hadi ampea nukta sita moja, na kwa zile volti mbovu hiyo ni wati mia moja na tano, kidogo juu ya mahitaji. Siku ambazo stima ni nzuri, wati zingekuwa nyingi mno, lakini themostati ingezima mapema, ndiyo kazi yake. Hiyo ndiyo hesabu niliyopaswa kufanya tangu mwanzo: kukadiria kwa siku mbaya, siyo kwa siku ya mapumziko.

Kisha tukatoa mayai moja moja, tukafunga dirisha kwa shuka, tukayamulika kwa tochi. Yai lililo hai huonyesha mishipa midogo myekundu kama mizizi. Lililokufa huonyesha duara tu, au giza lisilotembea. Nilikuwa namulika, yeye anaangalia, na kila lililokufa aliliweka kwenye ndoo. Kumi na saba yaliingia ndooni. Thelathini na moja yalirudi ndani, mengi yakiwa hayajakua kulingana na siku zake. Nilimwambia ukweli kwamba sijui kama yatafika. Nilimwambia pia kwamba bila blanketi huenda tusingebaki na hata moja. Alichukua mojawapo, akafumba jicho, akaliweka kwenye kope, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimwacha.

Siku ya ishirini na moja, ambayo ndiyo siku ya kuku kutotoa, ilikuwa Jumapili. Nilikwenda. Wadogo zangu walikuja pia, na yule rafiki wa Isecheno, kila mtu amevaa vizuri kana kwamba kuna posa. Tuliangalia kile kidirisha hadi jioni. Hakuna yai lililopasuka. Wadogo zangu waliondoka wakisema pole. Nilishindwa kuwatazama machoni. Jumatatu nikaomba ruhusa kwa mteja, nikabaki, na Jumatatu ikapita hivyo hivyo. Mama alipika, akafua, akachuma majani ya chai kwenye kijishamba chake, akafanya kila kitu isipokuwa kuingia kile chumba.

Jumanne, saa tano, mashine ya posho ikinguruma, nilisikia kitu kama kucha inayokwaruza kikombe. Nilimwita. Alikuja na matope miguuni, akapiga magoti mbele ya kioo. Yai moja lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mdomo. Mama alianza kulia. Hakujificha wala hakujifuta, alilia tu huku akiangalia, na mimi nikalia pia. Hadi Jumatano jioni walitoka kumi na tisa.

Wanne kati yao hawakumaliza wiki. Waliobaki walikua, na watetea sita walikuwa na vile vitone.

Ilipita kama miezi mitano. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kurekebisha soketi ya jikoni, na nilipokuwa nakusanya vyombo vyangu, Mama alitoka nyuma ya nyumba na mtetea, miguu imefungwa kitambaa. Akanisukumia kwapani kabla sijaelewa.

“Kukhu, huyu ni wako.”

“Mama, mimi siolewi.”

“Nani amesema mambo ya kuolewa? Pale unalalanga si nyumba?”

Alirekebisha bawa la yule kuku lisibanwe na mkono wangu, kama vile anavyorekebisha shela ya bibi harusi, akarudi nyuma hatua moja akatuangalia wote wawili.

“Na usimfungie,” alisema.

Nilitembea hadi barabarani na mkoba wa kazi begani na kuku kwapani. Mtu wa boda alipunguza mwendo, akacheka kwa heshima.

“Madam, leo umeolewa?”

“Hapana,” nilimwambia, nikapanda. “Nipeleke kwangu.”